Kitufe cha Konokono

Saluni, Jumapili, 2 Juni

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na Bibi hajakufukuza.

Ndani ya boksi hili kuna kamera ndogo. Si mpya, nimeipata kwa mpiga picha wa harusi wa mlango wa pili. Barua hii usimwonyeshe Bibi. Nimekuandikia kwa sababu wewe kwenye simu unapiga kelele mpaka jirani anaitikia, na jambo lenyewe ni la siri.

Babu, nimejiponza. Unakumbuka nilivyosukwa na Bibi siku ya mwisho kabla sijaondoka? Ile mistari inayoanzia kwenye paji, inakata kona juu ya sikio na kushuka kisogoni, na pale kwenye kona hakuna hata kinundu? Basi mwenye saluni, tunamwita Madamu, alinizunguka kichwa kutwa nzima kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Mwisho akauliza, "Nani alikusuka?" Nikasema bibi yangu. Akauliza, "Na wewe unaweza?" Mdomo ukanitangulia. Nikasema, "Naweza, Madamu."

Sasa anafungua saluni ya pili Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na anataka siku hiyo nimsuke mistari hiyohiyo mbele ya wageni. Nikifanikiwa, kiti cha msusi mkuu kule kwenye saluni mpya ni changu. Nikishindwa, narudi kuosha vichwa na kufagia nywele, na kila mtu atajua nilikuwa naongopa.

Ninajifunzia kwenye kichwa cha plastiki. Nakwenda vizuri mpaka kwenye kona, halafu kinatoka kinundu kama njegere. Bibi akifika pale vidole vyake hufanya kitu, lakini kwa kasi ambayo jicho haliwezi kukishika. Ukimuuliza anakwambia, "Unapinda tu." Siku hizi hata nikimuuliza kwa simu anabadilisha mazungumzo. Nadhani bado ana hasira kwamba niliondoka.

Kwa hiyo naomba unipigie picha mikono yake, Babu, pale kwenye kona. Kamera hii ina kitufe chenye picha ya konokono. Ukikibonyeza, kitu kilichopita kufumba na kufumbua kinaonekana polepole mpaka unakihurumia. Ila uwe juani, maana huyo konokono anakula mwanga. Usiishike kamera kwa mkono, iweke juu ya kitu kisichotikisika. Na usogee karibu. Ukimaliza, chomoa kile kikadi kidogo ubavuni, kifunge kwenye karatasi, mpe yule dereva wa basi uliyemfundisha kazi.

Nakutegemea, Babu. Sina mwingine.

Mjukuu wako,
Sindano


Nyumbani, Jumamosi, 8 Juni

Kwako mke wangu mdogo, uliyenikimbia ukaniachia mke mkubwa peke yangu,

Marahaba. Goti linakusalimu, linasema ulipoondoka lilikuwa linauma na halijabadili msimamo.

Boksi limefika. Bibi yako akauliza kuna nini ndani. Nikamwambia dawa ya goti. "Mbona ina kioo?" Nikamwambia dawa za siku hizi zinataka kumwona mgonjwa kwanza. Akanitandika kofi la kisogo, akapita zake.

Hilo kofi unalijua. Tangu nimuoe, mwanamke huyu hajawahi kupita nyuma ya kiti changu bila kunipiga. Akienda jikoni, pa! Akirudi, pa! Watu wanadhani kipara changu kimeletwa na uzee. Hiki si kipara, hii ni njia iliyokanyagwa.

Sasa habari za kazi. Unajua mimi shule niliiacha pale mwalimu alipoanza kuchanganya herufi kwenye hesabu, nikaenda zangu kuendesha malori. Kwa hiyo kile kitabu cha maelezo nilikitazama, kikanitazama, tukaheshimiana, nikakirudisha kwenye boksi. Nikaanza mazoezi na kuku. Alikuwa amelowa, nikangoja ajikung'ute, nikabonyeza konokono.

Mke wangu! Wewe umewahi kumwona kuku akijikung'uta? Hujamwona. Unadhani umemwona. Ngozi inakwenda upande huu, mifupa inakwenda upande ule, halafu zinakutana katikati kama watu waliopishana mlangoni. Manyoya yanafunguka moja baada ya jingine. Kila tone la maji linaondoka na safari yake. Na mwenyewe, katikati ya kimbunga chote hicho, kichwa chake kimetulia tuli na macho kayafumba, kama mama mkubwa anayesikiliza redio. Na huyu ndiye niliyekuwa namwita mjinga! Nimemwongezea mtama.

Baada ya hapo nilishindwa kujizuia. Nimepiga bomba linalovuja. Nimepiga mbwa wa jirani akijikuna, mguu unapita hewani tu, mara nyingi hata haugusi mahali panapowasha. Nimempiga bibi yako akiua nzi kwa ndala, hiyo nakutumia uone. Nzi anaiona ndala ikija, anaruka, kajiokoa kabisa. Na ndala nayo inageuka njiani kumfuata! Kumbe nilioa jeshi zima na sikuambiwa.

Kwenye kusuka ndiko kwenye kasheshe. Wewe ulimwacha akisukia uani, juani, umbea juu. Siku hizi kahamia ndani, nyuma ya pazia, chini ya ile taa ndefu ya dari. Nikajipenyeza, nikaweka kamera juu ya kabati. Nilichopata ni picha inayowaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kama macho ya mtu anayekudanganya. Nikajaribu tena. Safari hii kamera ikachagua kuangalia kalenda ya ukutani. Kalenda imetoka safi, unaweza kusoma tarehe zote, na mbele yake mikono ya bibi yako ni moshi mtupu.

Halafu nadhani katushtukia. Kila nikiingia anaichomeka mikono chini ya taulo. Msusi gani anaficha mikono? Itakuwa anakunyima ufundi wake kwa sababu umekwenda kuwafanyia kazi watu wengine.

Kuna na jingine la kushangaza. Zamani wateja wake walitoka hapa macho yamevutwa mpaka masikioni, hawawezi hata kupepesa. Nesi wa zahanati alikuwa akisukwa anakwenda kulala macho wazi. Siku hizi wanasinzia kitini! Juzi huyo nesi kakoroma kabisa. Nadhani ni utamu wa hadithi zangu.

Hebu nishauri, mtaalamu.

Mumeo mzee,
Breki
(jina nililopewa na bibi yako kwa sababu anasema mdomo wangu hauna)


Saluni, Jumatano, 12 Juni

Babu yangu Breki,

Shikamoo. Ile ndala imeangaliwa na saluni nzima. Madamu mwenyewe aliinua kichwa kutoka kwenye beseni, povu linamtiririka, akasema, "Rudia pale nzi anaposhtuka." Kila aliyeingia alionyeshwa, na kikadi nakurudishia humu.

Sasa sikiliza. Taa ile ya dari kweli inawaka na kuzima muda wote, ila jicho letu ni zembe, konokono ndiye anayeona. Kwa hiyo ndani hapafai. Lazima Bibi atoke juani, sijui utafanyaje. Mteja mfunike taulo jeupe mabegani, ili vidole vya Bibi vionekane, maana vidole vyeusi kwenye nywele nyeusi kamera inavipoteza. Na ili isirukie kalenda, ielekeze kwenye mkono wake, bonyeza kitufe nusu, ngoja ilie, ndipo umalizie.

Babu, hilo la kuficha mikono limeniuma. Siku nilipoondoka alisimama mlangoni, mikono kaitia kwenye mifuko ya aproni, hata kunipungia hakunipungia. Nikajua amekasirika, lakini sikujua ni kiasi hiki. Kama hataki nijue, niambie tu, nitamwendea Madamu nimwambie ukweli kabla siku haijafika.

Ingawa hata hilo naliogopa. Wageni ameshawaalika, na kila mmoja kamwambia atakayemsuka ni mimi. Na ngozi yake ya kichwa ni ya yai. Ukimvuta kidogo anapiga ukelele unasikika barabarani. Msusi wa mwisho aliyemuumiza sasa hivi anauza soksi.

Leo nimesuka kile kichwa cha plastiki tena. Njegere kila kona.

Sindano wako


Nyumbani, Alhamisi, 20 Juni

Kwako mke mdogo,

Marahaba. Taa ya dari imeharibika. Nasema imeharibika. Kile kidude chake cha kuwashia kiko kwenye mfuko wa suruali yangu, lakini hayo ni mambo ya mfuko na mwenye suruali.

Basi bibi yako akakosa pa kwenda. Nesi kaja kusukwa, ndani giza, ikabidi kiti kihamie uani. Mimi nikaleta taulo jeupe kama mume mwema, akanitazama kwa jicho la kuuliza. Kisha nikamwaga punje za mtama chini ya kiti cha nesi. Kuku wote wakahamia pale. Na mimi, mpiga picha wa kuku, ningefanya nini? Nikawafuata wateja wangu. Nikageuza debe, nikaweka kamera juu yake, nikalala kifudifudi na goti langu.

"Breki," akasema, "hiyo mashine inaangalia kuku au inaniangalia mimi?"

"Kuku."

"Kuku gani anakaa begani kwa nesi?"

"Namngoja aruke."

Nesi akaanza kucheka, kichwa kikatikisika, bibi yako akamkemea atulie. "Mwache, mama," nesi akasema, "angalau leo mzee amelala chini kwa hiari yake." Bibi yako akakunja vidole. Nikajua hapa ananifukuza. Lakini nesi alikuwa na zamu, nusu ya kichwa imechanwa, jua linapanda. Akashusha pumzi, akaanza.

Nimepata kona, mke wangu. Nimezipata kona nne, na zote ziko safi, mpaka mafuta yanavyong'aa kwenye kucha.

Jioni jua likiwa bado lipo nilikaa nikazitazama kwenye kile kioo kidogo. Halafu nikanyamaza. Ndiyo, mimi. Bibi yako alikuja kunigusa paji akidhani nina homa.

Nitakwambia kitu. Maisha yangu yote nimekaa juu ya lori, nimepita kwenye misitu, sijaona jani. Nimeona kijani tu kinapita. Na nyumbani vilevile, nimeishi na mikono hii, imenipikia, imenifulia, imewalea baba yako na shangazi zako, nami nilichokuwa naona ni kitu kinapita. Sasa nimeiona. Kila kidole kina kazi yake na kinajua mwenzake yuko wapi. Dole gumba linagawa, hiki kinapokea, kile kinangoja zamu yake kimeinama kidogo, kama mchezaji wa akiba aliyekwisha vaa viatu. Hakuna kinachomgonga mwenzake. Mimi niliwahi kufanya kazi na matingo wawili tu, wasaidizi wangu wa lori, na kila siku walikuwa wanagongana.

Pale kwenye kona kuna kitu. Sikuambii. Tazama mwenyewe.

Mwishoni mwa kikadi kuna kipande nilichobonyeza kwa kiwiko wakati najiinua nirudi kitini, nikaiacha kamera inajiangalia mambo yake. Nimeona inaanza na mgongo wangu, sikuendelea, mgongo wangu naujua. Ruka hapo.

Mumeo mzee,
Breki


Saluni, Jumatatu, 24 Juni

Babu,

Shikamoo, shikamoo, na tena shikamoo!

Nimeiona. Ilibidi nijifungie stoo, kati ya masanduku ya shampuu, maana nilikuwa napiga kelele. Hii hapa siri yake: akifika kwenye kona, kidole cha shahada kinafunguka. Kinafunguka kabisa, Babu! Fungu la nywele linaanguka. Nilishika mdomo. Na kabla halijafika popote, kidole cha mwisho, kile kidogo, kinapita kwa chini, kinalidaka, kinalirudisha juu taratibu. Kufikia hapo mstari umeshajipinda wenyewe, bila mtu kuuvuta. Ndiyo maana hakuna njegere! Mimi nilikuwa nauvuta upinde. Yeye anauachia.

Nani angewaza kitu kama hicho? Nani anathubutu kuachia fungu katikati ya kazi, akiamini tu kwamba kidole kingine kitafika? Nimefanya kazi na wasusi wenye vyeti vya kutundika ukutani, hakuna aliyewahi kuniambia kusuka kuna kuachia. Bibi yetu ni mtu wa aina gani?

Siku ya kwanza mafungu yote yaliniponyoka. Jana nimedaka moja. Leo nimesuka kichwa kizima cha plastiki na kona zote ni laini, unapitisha kidole husikii kitu. Jumamosi niko tayari.

Sasa mwambie Bibi kila kitu. Mwambie nilimdanganya Madamu, na wewe umeiba taa, na najua ile kona anaiachia, na sijawahi kuona ufundi kama ule. Anisamehe.

Ukurasa wa pili ni wako peke yako, usimsomee.

Sindano


(ukurasa wa pili)

Babu, kikadi nakurudishia humu. Kile kipande cha mwisho ulichosema niruke, sikuruka. Usikifute. Bibi akitoka, kaa mahali pa utulivu ukitazame mpaka mwisho.


Nyumbani, Alhamisi, 27 Juni

Sindano,

Hujambo. Babu yako alinisomea barua yako kwa sauti ya kutangaza mpira. Alipofika pale pa kidole, sauti ikapungua, akasema hapo mwandiko mbaya. Nikamnyang'anya nikasoma mwenyewe. Ukurasa mwingine aliukalia, goti lake leo limemzuia kunyanyuka.

Mwandiko ulikuwa mzuri.

Mjukuu wangu, hiyo si siri. Huo si ufundi. Kidole changu cha shahada kimekufa ganzi tangu mvua za mwanzo. Kikifika kwenye kona kinapoteza nguvu, nywele zinanitoka, nami nakimbilia kuzidaka kabla mteja hajajua. Kila kona moyo unaniruka. Ndiyo maana nilihamia ndani, watu wasione. Ndiyo maana na wewe ulipoondoka niliitia mikono mfukoni. Ungenishika mkono ungejua, na kama ungejua, usingeondoka. Hasira nawe sina, sijawahi kuwa nayo.

Nisikilize vizuri. Usiende kumsuka mwanamke wa watu ugonjwa wangu mbele ya wageni. Mimi nilipokuwa mzima kona nilikuwa naivuta kwa kidole cha shahada, kwa nguvu, mpaka mtu anatoa chozi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo kusuka kulivyo. Vidole vyako vizima. Vuta.

Babu yako usimwambie habari za kidole, atafanya mzaha. Ana mambo yake huyo. Siku hizi anachokora mafuta yangu ya nywele. Kila kopo nikilishika nakuta kifuniko kimelegea. Na kipara kile, sijui anapaka wapi.

Bibi yako


Saluni mpya, Jumapili, 30 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo.

Barua yako ililetwa jana asubuhi Madamu akiwa tayari kitini na wageni wamejaa mpaka mlangoni. Upande wa kulia nilikuwa nimeumaliza, kwa kuachia, kama nilivyokuona. Nikaitia barua mfukoni mwa aproni. Halafu nikapata nafasi ya kuisoma, na nafasi yenyewe ni hii: Madamu alikuwa amelala. Bibi, mwanamke anayepiga ukelele akiguswa na kitana, kalala, kinywa wazi, mbele ya wageni wake.

Nikaisoma nikiwa nimesimama nyuma yake. Upande mmoja nimeshamsuka kile ulichonikataza, upande wa pili bado. Nikasema Bibi anajua kuliko mimi. Nikaanza upande wa kushoto, nikafika kwenye kona ya kwanza, nikavuta kwa kidole cha shahada.

"Yalaaa!"

Ukelele ule hata wewe ungeusikia huko. Mgeni mmoja alimwaga soda. Madamu akaniangalia kwenye kioo. "Sindano, umeamka upande gani?" akaniuliza. "Upande wa kulia mkono ulikuwa wako, huu wa kushoto ni wa nani?" Nikapapasa kona. Njegere.

Nikaufumua ule mstari. Kila mtu anaangalia vidole vyangu. Nilipofika kwenye kona nikafumba macho, nikaachia. Kidole kidogo kikafika.

Kabla sijafika kisogoni alikuwa amelala tena.

Bibi, nikuulize. Madamu alikiona kichwa gani mpaka akakitaka? Changu. Nacho ulikisuka lini? Siku ya kuondoka kwangu, mvua zimeshapita. Kidole kilikuwa kimeshakataa. Kwa hiyo alichokipenda hakikuwa ile kona ya zamani ya kutoa machozi. Na nesi anakoroma kwa nini? Unaogopa wateja wajue kwamba unaachia, na wateja wanarudi kwa sababu unaachia. Ungejiona mwenyewe. Kidole kimoja kilipochoka, kingine ambacho hakuna aliyekifundisha kilikwenda kushika zamu. Mimi nimejifunza wiki nzima kufanya kwa makusudi kitu ambacho wewe unakifanya kwa hofu, na bado sikufikii.

Kiti ni changu. Wageni wawili wameshaomba siku zao. Madamu aliuliza kona hii inaitwaje, nikamwambia inaitwa Mkono wa Bibi.

Kirudishe kiti chako uani, Bibi. Na hicho kidole mwonyeshe nesi akiwa macho.

Mjukuu wako,
Sindano


Nyumbani, Jumapili, 7 Julai

Kwako msusi mkuu, mke mdogo aliyenipita cheo,

Hongera! Nimemtangazia kila mtu mtaani, hata wale ambao hatusemeshani.

Bibi yako aliisoma barua yako amesimama, akairudia amekaa, kisha akaikunja akaitia kifuani. Akaniita.

"Breki. Lete kile kidude cha taa."

"Kidude gani?"

Akanyoosha mkono tu. Nikakitoa mfukoni.

"Na kiti changu kirudishe uani."

Basi sasa taa inawaka ndani na hakuna mtu, kazi yote iko nje. Kila mteja akikaa anaonyeshwa kile kidole na kuambiwa, "Huyu amestaafu, anakuja kazini kusalimia tu." Hakuna aliyekimbia. Nesi alipoonyeshwa alikasirika, akasema angeambiwa mapema angemfunga bendeji mapema. Amemfunga, na kila asubuhi anapita kumnyoosha kidole, bibi yako anamtukana kwa upendo.

Mimi nimeajiriwa. Nashika kitana, nashika taulo, nagawa nywele. Bibi yako alinipiga picha kwa hiyo kamera yenu nikigawa, na hakubonyeza konokono. Nikamuuliza mbona. Akasema hii mikono ilizaliwa konokono.

Sasa hili la mafuta, maana najua amenichongea. Sichokori. Nalegeza vifuniko. Kidole nilikiona siku ileile ya nesi, kwenye kile kioo kidogo, kona ya kwanza tu. Kwa nini unadhani nilinyamaza? Nilijua kile si ufundi. Dereva anajua gurudumu linapolegea. Kumwambia nimeona, angeona haya. Kukaa bila kufanya kitu, siwezi. Kwa hiyo akitoka kidogo nazunguka makopo yote, nayafungua, nayarudishia kwa kulegea. Ananiita mwizi. Hewala, mwizi.

Na barua yako ya kusifu ile kona ilipofika, nikaanza kumsomea kwa mbwembwe, nikidhani sifa zile zitamfurahisha. Nilipofika pale ndipo nikakumbuka wewe hujui kwamba kidole ni kigonjwa. Hiyo kona ilinishinda kuikata, mimi na udereva wangu wote.

Haya. Ukurasa wako wa pili.

Nilingoja aende sokoni. Nikakaa kitandani, nikafunga mlango, nikabonyeza. Mgongo wangu huo. Kipara kinang'aa juani kama sufuria iliyosuguliwa. Kwa muda mrefu hakuna kitu, kuku kapita. Halafu bibi yako huyo anaingia kwa upande, taulo begani, mkono unapanda. Nami najua kinachokuja, maana nimekula kofi hilo maisha yangu yote, kwa hiyo hapo kitandani nilipo nikainamisha shingo.

Mkono unakuja. Unakuja. Mke wangu, ule mkono unakuja polepole kama mtu anayebeba maji yaliyojaa pomoni. Na vidole vinafunguka. Hata kile kibovu, kile kinachokataa nywele za watu, kinajinyoosha chenyewe. Kiganja kinafika kichwani na hakipigi. Kinatua. Kinakaa pale kama kofia. Dole gumba linazunguka nyuma ya sikio, linafuta sijui nini, halafu linarudi kufuta tena mahali ambapo hapana kitu. Ndipo mkono unanyanyuka, na katika kunyanyuka kwa haraka, asije akaonekana, ncha za vidole zinadunda. Pa.

Kumbe hilo tu ndilo ninalolisikiaga siku zote. Nasikia mkono unavyoondoka.

Nilirudia mpaka betri ikaisha. Alipotoka sokoni alinikuta nimekaa na kamera iliyozimika, macho mekundu, akauliza nina nini. Nikamwambia kuku amenisikitisha.

Usimwambie. Akijua nimeuona ule mkono ataona haya, na hofu yangu ni kwamba ataanza kunipiga kweli. Kamera nimeichaji, nimeifunika kitambaa, bado nina mambo mengi ya kuangalia humu ndani. Na kiti changu nimekihamisha. Hakiko tena pembeni ya ukuta. Nimekiweka mlangoni, katikati ya jikoni na uani, hakuna anakoweza kwenda bila kunipita. Tangu asubuhi analalamika kwamba nimeziba njia.

Naishia hapa. Nasikia ndala zinakuja, na kichwa nimeshakiinamisha.

Mumeo mzee,
Breki